Kuishi na hatari ya saratani ya titi kurudi

Tiba ikiisha, chembe chache za saratani huweza kubaki mwilini zimelala, ndogo mno kuonekana kwenye picha. Saratani inayochochewa na homoni huweza kuamka hata baada ya miaka 5. Ndiyo maana tamoksifeni, dawa inayozuia homoni kuichochea saratani hiyo, miligramu 20 kila siku, humezwa miaka 5 hadi 10. Wengi huiacha kimyakimya kwa kuchoshwa na joto la ghafla mwilini. Tafadhali usiache, mwambie daktari, zipo njia za kulipunguza. Mtajie na dawa zako nyingine: paroksetini, dawa ya sonona, huidhoofisha tamoksifeni.

Kliniki ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, mamografia (picha ya eksirei ya titi) kila mwaka. Ukipapasa uvimbe mpya kwenye kovu au kwapani, au mfupa ukiuma zaidi ya wiki 2, usingoje tarehe ya kadi.