Hesabu karata kabla hujazitazama

Wachezaji wenzangu wa vijiweni, jioni nyingi huku Magomeni nimeona mchezo ukivunjika kwa sababu ya ugawaji tu. Mtu anajikuta ana karata 14, mwenzake 12, na wote wameshaziona. Hapo ukiamua vyovyote, mmoja ataondoka na kinyongo.

Mkiwa wanne na karata ni 52, kila mmoja anastahili 13. Zihesabu zikiwa kifudifudi. Hata sheria za briji, mchezo wa karata wa watu wanne, zinataka hivyo. Zisipotimia, rudisheni zote, zichangwe, zikatwe, agawe tena yuleyule. Msimfokee, mkono huteleza.

Karata ikifunuka wakati wa kugawa ndipo pagumu. Wengine humwachia aliyepewa, wengine huichomeka katikati ya fungu. Mimi nasimamia kugawa upya, hasa ikiwa karata kubwa, maana meza nzima imeshajua iko kwa nani. Ila kubalianeni kabla karata ya kwanza haijatoka.

Mkigawa mara mbili na hesabu bado inagoma, hesabuni pakiti yenyewe. Mara nyingi moja imebaki kwenye boksi au imedondokea chini ya benchi.