Piga hesabu ya safari ya Entebbe–Dubai kwa simu yako

Nakata tiketi hapa Kampala, na karibu kila mteja huniuliza: "Bosi, tutakaa hewani masaa mangapi?" Hesabu hiyo unaweza kuipiga mwenyewe. Sisi wa Uganda tuna bahati: uwanja wa Entebbe umekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo nusu ya fomula ya kupima umbali juu ya mviringo wa dunia inajifuta.

Hatua ya 1. Fungua ramani ya simu, shikilia kidole juu ya uwanja, namba zitatokea. Longitudo ya Entebbe ni 32.44 mashariki. Dubai ni latitudo 25.25 kaskazini, longitudo 55.36 mashariki. Toa longitudo: 55.36 − 32.44 = 22.92.

Hatua ya 2. Laza simu ubavu ili kikokotoo kitoe kitufe cha cos. Kwanza andika cos 60. Isipoleta 0.5, simu iko kwenye radiani. Ihamishe kwenye digrii, la sivyo utapata majibu ya ajabu. Sasa: cos 25.25 × cos 22.92 = 0.833. Bonyeza cos⁻¹, upate 33.6. Kila digrii moja ya mzingo wa dunia ni kilomita 111, kwa hiyo 33.6 × 111 ni karibu kilomita 3,730. Njia hii ya mkato inafaa tu pale uwanja mmoja unapokuwa ikweta.

Hatua ya 3. Ndege haiendi kama uzi ulionyooshwa, kwa hiyo ongeza asilimia 5: kama kilomita 3,900. Ndege kubwa aina ya A330 ikishatulia juu hukata karibu kilomita 870 kwa saa. Hayo ni masaa manne na nusu. Weka nusu saa ya kutembea chini, kupaa na kushuka. Jumla masaa matano. Kurudi huweza kuchukua muda zaidi, hasa Desemba hadi Februari, kwa sababu upepo wa juu kule Uarabuni huvuma kutoka magharibi.

Hatua ya 4, na hapa ndipo watu wanapoumia: saa za tiketi. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Arua alikuwa na tiketi ya 00:40, tarehe 14. Jioni ya tarehe 14 akanipigia akiwa Entebbe, mabegi mawili kwenye troli. Ndege yake ilishaondoka usiku uliopita. 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku, na tarehe ya tiketi hubadilika saa sita kamili ya usiku, wakati sisi tunaanza kuhesabu siku alfajiri. Tangu siku ile, kila tiketi ya usiku naiandikia kwa kalamu, herufi kubwa: NJOO UWANJANI TAREHE 13, SAA TATU USIKU.

Dubai iko saa moja mbele yetu. Ukiondoka 00:40, ongeza masaa matano, kisha moja: utatua 06:40 ya kule, yaani saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Wakati wa kurudi, hiyo saa moja unaitoa.

Jaribu London Heathrow: latitudo 51.47 kaskazini, longitudo 0.45 magharibi. Kwa kuwa iko magharibi, longitudo unazijumlisha, hutoi. Ukipata karibu kilomita 6,490, umeshaishika hesabu.