Si kila mboga ya kilimo hai inastahili bei yake

Ukipita masoko ya Kampala kama Kalerwe au Nakasero, kabla hujalipia fungu la nyanya, chukua moja uipitishe kidole karibu na kikonyo. Ukiona unga mweupe au wa kijivu umeshika, hiyo ni dawa ya ukungu, mara nyingi mankozebu. Wakulima wengine huipiga hadi siku chache kabla ya kuvuna ili nyanya zisioze njiani. Hapo ndipo mimi huongeza hela nikanunua za kilimo hai, yaani zinazolimwa bila dawa za kemikali za viwandani, maana nyanya tunaila kila siku, tena na ganda lake. Kabichi, sukuma wiki na pilipili hoho naziweka kundi hilohilo.

Lakini matoke? Muhogo, viazi vitamu, parachichi, fenesi? Mtu akikuuzia hivyo kwa bei ya juu kisa ni "oganiki", mwachie. Vingi vinalimwa bila kupigiwa dawa, na ganda unalitupa.

Dodo, yaani mchicha, nanunua kwa mama jirani anayelima nyuma ya nyumba. Hana cheti, ila shamba lake naliona kwa macho. Dukani ni tofauti: tafuta alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki. Neno "asilia" kwenye karatasi ya kubandika halitoshi, yeyote anaweza kuliandika.

Mfuko ukikataa, nyanya za kawaida zisugue moja moja chini ya maji yanayotiririka. Kuzichovya tu kwenye beseni hakutoi ule unga.