Somo: Kupanga ua wa ndani wenye vyungu vya maua na kuufungua kwa wageni, kwa mfano wa Córdoba

Mjini Córdoba, kusini mwa Uhispania, joto la Julai na Agosti hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na nyumba za kale zimejengwa kuzunguka ua wa ndani unaozipatia kivuli, hewa na maji. Kwa kuwa sakafu ya ua huo aghalabu imetandikwa mawe, wenyeji hupanda kwenye vyungu na kuvitundika ukutani. Manispaa ilianza kuzishindanisha nyua hizo mwaka 1921, na mwaka 2012 UNESCO iliiingiza sherehe ya nyua hizo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika nusu ya kwanza ya Mei wageni huingia bure katika nyumba za watu binafsi, hupita mlango wa mbele, hutazama na kutoka. Nimeuchagua utaratibu wa mji huo kwa sababu unafuata kanuni ambayo bustani nyingi za vyungu huivunja: ukuta ni wa mimea, sakafu ni ya watu.

Hatua ya kwanza ni kulifahamu jua. Tazama kila ukuta asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha uandike saa ambazo unapigwa na jua. Ukuta unaopata jua la asubuhi pekee ndio wenye thamani kubwa kuliko zote katika nchi ya joto, kwa hiyo usiupe mimea sugu ambayo ingestahimili popote.

Hatua ya pili ni ukuta wenyewe. Upake chokaa nyeupe, na uirudie kila mwaka kabla ya msimu wa maua, kwa kuwa weupe huo huakisi mwanga hadi kwenye mimea ya chini na kupunguza joto linalohifadhiwa na ukuta. Vyungu hushikwa na pete za chuma zilizofungwa kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye jiwe au tofali, si kwenye lipu peke yake. Chungu cha lita 5 kikilowa hufikia kilo 7 au 8, na kitakuwa juu ya vichwa vya watu. Chagua rangi moja ya vyungu kwa ukuta mzima. Ua wenye vyungu vya rangi tano huchosha macho hata kama maua yake ni mazuri.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo huamua kama mimea itaishi, ni chungu na udongo wake. Vyungu vya udongo wa kuchoma hupumua na kupoza mizizi, lakini hukauka upesi, kwa hiyo usitumie vyenye kipenyo chini ya sentimita 18 kwenye ukuta wa jua. Watu wengi huweka tabaka la kokoto chini ya chungu wakidhani linasaidia maji kutoka. Halisaidii: maji hukwama katika udongo ulio juu ya kokoto hadi ulowe kabisa, na mizizi hubaki na nafasi ndogo zaidi. Kigae kimoja juu ya tundu, cha kuzuia udongo usimwagike, kinatosha. Mchanganyiko ninaoupendelea ni sehemu 2 za mboji iliyooza vizuri, sehemu 1 ya mchanga mnene na sehemu 1 ya vumbi la makumbi ya nazi. Mchanga wa pwani na makumbi yaliyoroweshwa katika maji ya bahari vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, kwa maana chumvi huua polepole na mwenye bustani hudhani ni ugonjwa.

Hatua ya nne ni kuchagua mimea. Ukutani Córdoba hutawala jeraniamu, hasa aina inayoning'inia yenye majani kama ya mwefeu (mmea utambaao ukutani, kwa Kiingereza ivy), ambayo asili yake ni Afrika Kusini. Pembeni hupandwa asmini na bogenvilia, katikati mdanzi au mlimau, na kwenye kivuli kangaga na aspidistra. Ipange mimea kwa kiu yake: inayovumilia ukame iwe juu, inayopenda unyevu iwe chini, ili matone yanayotoka juu yasipotee bure.

Hatua ya tano ni kumwagilia. Wenyeji hufunga kopo la bati kwenye ncha ya mwanzi mrefu, hulichovya katika pipa au kisima, kisha huliinua na kuliinamisha juu ya chungu kilicho karibu na paa. Mjini humo kuna hata sanamu ya mwanamke akifanya kazi hiyo. Wengine siku hizi hutumia mpira wa maji, lakini mimi naona kopo lina faida mbili: hupima kiasi ambacho kila chungu kimepata, na halichimbui udongo. Mwaga hadi maji yachuruzike kwenye tundu, alfajiri au baada ya jua kuzama, na wakati wa joto kali fanya hivyo kila siku. Unyevu unaobaki sakafuni na kwenye majani hupoza hewa ya ua wote.

Kuhusu wadudu nitasema machache. Adui mkuu wa jeraniamu Ulaya ni kipepeo mdogo wa kahawia, Cacyreus marshalli, ambaye naye ni mwenyeji wa kusini mwa Afrika na alionekana katika kisiwa cha Mallorca karibu mwaka 1990. Kiwavi wake hutoboa vikonyo na kuishi ndani. Kata na uchome shina lolote lililokuwa jeusi na tupu, na unyunyize dawa ya Bacillus thuringiensis, bakteria wanaoua viwavi, mapema, kwa kuwa kiwavi akishaingia ndani haimfikii.

Hatua ya mwisho ni wageni. Acha njia yenye upana wa sentimita 90 au zaidi ambayo kiti cha magurudumu kinaweza kupita, na uondoe kila chungu cha sakafuni kilicho kwenye njia hiyo. Weka mtu mlangoni wa kuhesabu wanaoingia na kuwasubirisha wengine nje. Oleanda, kichaka cha maua, ina sumu katika sehemu zake zote, hivyo isiwekwe mahali watoto wanapofikia. Wakati wa sherehe ya Córdoba nyua hufunguliwa saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana, hufungwa, kisha hufunguliwa tena saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Mapumziko hayo ya mchana huwasaidia wenye nyumba pamoja na mimea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Dar es Salaam): Mwalimu, vyungu vingi si vitaleta mbu? Tumeshapata dengi mwaka 2014 na 2019.

Jibu: Chungu chenye tundu hakileti mbu, visahani vya chini na mapipa ndivyo huleta. Mbu wa dengi hubandika mayai ukingoni mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Sugua visahani kwa brashi kila wiki, au uviondoe kabisa, na ufunike pipa kwa wavu.

Swali (Muscat): Vyungu vyangu vimeota ukoko mweupe na majani yanaungua kwenye ncha. Je, niongeze mbolea?

Jibu: La, ndugu yangu, mbolea ni chumvi pia. Ukoko huo ni chumvi ya maji yako iliyobaki baada ya maji kukauka. Acha mbolea, kisha upitishe maji yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, na uyaache yatoke yote. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi na yanafaa, mradi uyakusanye kwenye chombo safi.

Swali (Mombasa): Jeraniamu zangu huoza kila masika.

Jibu: Jeraniamu haipendi joto lenye unyevunyevu usiku na mchana. Pwani tumia bogenvilia, asmini, mrehani na waridi la jangwani, ambalo ni la Afrika Mashariki. Hilo la mwisho ulikinge na mvua wakati wa masika.

Swali (Lamu): Shikamoo mwalimu. Nyumba yetu ina daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia) na kiwanda (ua wa ndani). Nataka kukifungua kiwanda kwa wageni, lakini mama na dada zangu wanaishi humo na vyumba vyote vinakielekea.

Jibu: Marahaba. Hilo waamue wao kwanza, kwa kuwa nyumba hiyo ilijengwa ili anayepita nje asione ndani. Wakikubali, chagueni siku chache za mwaka, mtundike mapazia kwenye milango ya vyumba, na mgeni apokelewe tekani na kuambiwa hapo iwapo kupiga picha kunaruhusiwa. Kiingilio si lazima kiwe bure: Córdoba kwenyewe, Jumba la Viana lenye nyua 12 hutoza, ilhali nyua za mashindano hazitozi. Wakikataa, fungua daka na baraza tu. Vyungu kumi vilivyotunzwa hapo vinaonekana na mtaa mzima bila mtu kuvuka mlango.