Brigadeiro za Kibrazili nyumbani: kazi yote iko kwenye kuepua

Kama unatafuta zile chokoleti za mviringo za Kifaransa, zinazotengenezwa kwa kumiminia krimu ya moto juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, huu si mwongozo wake. Kwenye brigadeiro kinachopikwa ni maziwa: maziwa mazito ya kopo yenye sukari, pamoja na kakao na siagi, yanakorogwa motoni mpaka yashikamane. Yakipoa unayaviringa viganjani na kuyagaragaza kwenye chembechembe za chokoleti. Moto wake ni dakika 10 hadi 15 tu. Viungo havimshindi mtu. Kinachowashinda wengi ni kujua wakati wa kuepua, na ndiyo maana hatua hiyo nimeiandika kwa urefu kuliko nyingine zote.

Brazili hakuna sherehe ya kuzaliwa ya mtoto isiyo na brigadeiro. Zinapangwa kuzunguka keki, na desturi ni kwamba hazigusiwi mpaka wimbo wa pongezi uishe, ingawa zile za nyuma ya keki huwa zinapungua mapema. Jina lake limetoka kwenye siasa. Inavyosimuliwa, katika kampeni za urais za mwaka 1945 wanawake waliomuunga mkono Eduardo Gomes, brigedia wa jeshi la anga, walizipika na kuziuza kuchangia kampeni yake. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa rais ambao wanawake wa Brazili walipiga kura. Gomes alishindwa na Eurico Gaspar Dutra, akajaribu tena mwaka 1950 akashindwa na Getúlio Vargas. Ikulu hakuingia, lakini jina lake liko kwenye kila sinia la sherehe. Kusini, katika jimbo la Rio Grande do Sul, watu wana jina lao wenyewe: negrinho.

Viungo (vinatoa vitufe 25 hivi vya gramu 15)

- Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kopo 1 la gramu 395 au 397
- Kakao ya unga isiyo na sukari, vijiko 3 vya chakula
- Siagi, kijiko 1 cha chakula, na nyingine kidogo ya kupaka sahani na mikono
- Chumvi, nusu ya ncha ya kijiko cha chai (acha kabisa kama siagi yako ina chumvi)
- Chembechembe za chokoleti za kupambia keki, gramu 150
- Vikombe vidogo vya karatasi

Kuhusu maziwa, soma maandishi ya kopo kabla hujalipa. Unataka kopo ambalo viambato vyake ni maziwa na sukari, basi. Madukani yapo makopo ya bei nafuu yanayofanana nayo sana lakini mafuta yake ni ya mawese. Hayo yanachelewa kushikamana, na yakishapoa yanaacha utando wa mafuta mdomoni. Pia usichanganye na maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yale ya kutia kwenye chai, kwa sababu hayo utakoroga hadi jioni.

Kama kopo ni ghali au halipatikani, fanya wanavyofanya akina mama wengi wa Brazili wakibana matumizi: tia kwenye blenda kikombe 1 cha maziwa ya unga, kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha maji yanayochemka na kijiko 1 cha chakula cha siagi. Saga dakika 5, kisha weka kwenye friji mpaka yapoe na kuwa mazito. Inatosha badala ya kopo moja. Angalizo ni moja tu: sukari iyeyuke yote. Sugua tone moja kati ya vidole, na ukisikia mchanga, saga tena.

Kuhusu kakao, ile poda ya kinywaji yenye sukari ndani yake iache kwenye kabati. Maziwa tayari ni matamu kupita kiasi, na uchungu wa kakao halisi ndio unaoyasawazisha. Najua mapishi mengi ya nyumbani kule Brazili hutumia poda ya kinywaji, na watoto hawalalamiki, lakini kwa mtu mzima kimoja kinakinaisha. Kakao inalimwa Kyela, mkoani Mbeya, ila mbegu nyingi husafirishwa nje bila kusagwa, kwa hiyo unga utakaoupata dukani pengine umetoka mbali.

Hatua ya 1: Changanya kabla ya moto

Chukua sufuria yenye kitako kizito. Sufuria nyembamba ya bati inaunguza katikati huku pembeni bado kuna uji. Chekecha kakao ndani yake, mimina maziwa kidogo, sugua mpaka upate uji laini usio na vidonge, ndipo umalizie maziwa yaliyobaki. Weka siagi na chumvi. Ukianza na moto halafu ukanyunyiza kakao, vidonge vitajifunga na huwezi kuvivunja tena.

Hatua ya 2: Moto mdogo, mkono usisimame

Bandika kwenye moto mdogo. Kwa gesi, ule wa chini kabisa au juu yake kidogo. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yafunikwe na majivu, kisha punguza mengine pembeni. Tumia mwiko bapa wa mti au wa silikoni, ukikoroga kwa kukwangua kitako na kona zote za sufuria. Kona ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazoungua kwanza.

Dakika za mwanzo hakuna kinachoonekana. Kisha siagi inayeyuka, uji unang'aa, unaanza kutoa mapovu madogo. Usiongeze moto kwa sababu umechoka. Simu ikiita, iache iite.

Hatua ya 3: Kuepua

Kama umezoea kupika kashata, kipimo chako cha kashata kiweke kando. Kwenye kashata unaisubiri sukari ikaze. Hapa ukisubiri hivyo utapata tofi ya kung'oa meno. Kinachotakiwa ni maji ya maziwa yapungue kiasi cha donge kusimama lenyewe huku likibaki laini.

Kwanza tazama mapovu. Yale madogo ya haraka yanageuka makubwa na mazito, yanapasuka polepole. Hapo anza kuwa makini, kwani zimebaki dakika chache.

Kisha pitisha mwiko katikati ya kitako cha sufuria. Kama uji unarudi na kufunika mstari mara moja, bado. Kama mstari unabaki wazi kwa sekunde moja au mbili halafu unajifunga, umefika kwenye brigadeiro ya kijiko, ile inayoliwa ikiwa vuguvugu moja kwa moja kutoka kwenye bakuli bila kuviringwa. Wabrazili wengi hupika hii usiku wakiwa na hamu ya kitu kitamu, na hapo unaweza kuishia bila aibu.

Kwa vitufe endelea kidogo. Mstari uwe unabaki wazi, na ukiinamisha sufuria, donge lote liteleze kwa pamoja kuelekea upande mmoja, likiacha kitako karibu kisafi. Ukilinyanyua kwa mwiko, lianguke kama kipande kimoja, lisichuruzike. Bado una shaka? Kabla ya kuanza kupika weka kisahani kwenye friji. Dondosha tone la uji juu yake, subiri dakika moja, kisha jaribu kuliviringa. Likiviringika na kushika umbo, epua papo hapo. Likinata vidoleni, rudisha mwiko kazini kwa dakika moja, upime tena.

Mimi napendekeza hivi kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar: pika nusu dakika zaidi ya unavyodhani inatosha. Joto la pwani linalegeza vitufe, na kilichosimama vizuri jikoni asubuhi kinaweza kuwa bapa kufikia saa nane mchana. Kwa Arusha, Mbeya au Nairobi wakati wa baridi, hakuna haja.

Hatua ya 4: Poza

Mimina kwenye sahani pana iliyopakwa siagi. Acha kishuke chenyewe na usikwangue ukoko uliobaki kwenye sufuria. Huo una chembe ngumu zitakazoharibu ulaini wa kila kitu. (Ukoko huo ni mali ya mpishi. Chukua kijiko.)

Funika kwa nailoni ya kufunikia chakula, ukiibana iguse uso wa donge ili pasifanyike ngozi juu. Acha lipoe kabisa katika joto la kawaida, saa 3 au 4. Kwenye joto kali unaweza kuliweka kwenye friji kwa saa moja baada ya mvuke kuisha, lakini litoe dakika chache kabla ya kuviringa, maana likiwa baridi sana linapasuka. Usilikoroge wakati linapoa. Kukoroga kunaiamsha sukari ijenge punje.

Hatua ya 5: Viringa

Mimina chembechembe za chokoleti kwenye bakuli pana. Paka viganja siagi kidogo sana. Ikizidi, chembechembe zitateleza na kuanguka. Chota kwa kijiko cha chai. Kama ni za kuuza, tumia mizani, kwa sababu jicho linadanganya na mteja huona tofauti mara moja zikipangwa pamoja. Gramu 15 ni saizi nzuri ya sherehe. Viringa mara tatu au nne, dondosha kwenye bakuli, zungusha bakuli mpaka kitufe kifunikwe chote, kisha kiweke kwenye kikombe chake cha karatasi.

Kazi inakwenda haraka zaidi mkiwa wawili, mmoja anaviringa kwa mikono yenye siagi, mwingine mikono yake ni mikavu, anapamba na kupanga.

Chembechembe zikikosekana, kwaruza chokoleti ya kawaida kwa kikwaruzio, au tumia korosho zilizokaangwa na kusagwa kidogo. Korosho haziko mbali na mada: mkorosho asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha Afrika Mashariki.

Ikiharibika

Ikiwa laini mno baada ya kupoa, rudisha yote kwenye sufuria, moto mdogo, na uendelee kutoka ulipoishia. Haidhuriki. Ikiwa ngumu, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa au krimu, pasha polepole ukikoroga mpaka ilainike, poza upya. Ikiwa na vipande vyeusi vya kuungua, hakuna dawa. Chuja kama unataka, lakini ladha ya moshi haichujiki.

Ikiwa na mchanga mchanga wa sukari, sababu huwa ni kupika kupita kiasi, kukwangua kuta za sufuria mwishoni, au maziwa ya kutengeneza nyumbani ambayo sukari yake haikuyeyuka. Kipashe na maziwa kidogo na ukitumie kwenye keki, kama kijazo. Kama vitufe, hapana.

Ndugu zake wawili

Beijinho ni ya nazi. Maziwa kopo 1, siagi kijiko 1, nazi kavu iliyokunwa isiyo na sukari gramu 100. Pika kwa vipimo vilevile vya mwiko, viringa kwenye nazi kavu au sukari, chomeka karafuu moja juu. Kwa nazi mbichi iliyokunwa kwa mbuzi ladha ni bora mno, ila ina maji, kwa hiyo utakoroga muda mrefu zaidi na vitufe vyake viliwe siku hiyohiyo au kesho yake. Waambie wageni watoe karafuu kabla ya kutafuna, hasa watoto.

Cajuzinho ni ya karanga. Ongeza kikombe 1 cha karanga zilizokaangwa, kumenywa na kusagwa kwenye mchanganyiko wa brigadeiro wenye kakao kijiko 1 tu. Ikipoa, ifinyange iwe na umbo la bibo, igaragaze kwenye sukari, kisha kwenye ncha chomeka punje nzima ya karanga mahali ambapo korosho ingekaa. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi umbo hilo halihitaji maelezo.

Kuhifadhi na kubeba

Kwenye chombo kilichofungwa vizuri, nje ya friji, za kakao zinakaa siku 2 bila wasiwasi, 3 kama nyumba ina ubaridi. Ndani ya friji wiki moja, lakini zitoe zikiwa bado zimefungwa na ziache hivyo nusu saa. Ukifungua mara moja, unyevu wa hewa utatua juu yake na chembechembe zitatoa rangi. Ukipata oda kubwa, pika donge siku mbili kabla, lihifadhi likiwa limefunikwa, viringa siku ya sherehe. Kule Brazili wauzaji hupanga bei kwa mamia, na hesabu ya kawaida ni vitamu 4 au 5 kwa kila mgeni, aina zote zikijumlishwa.

Za kusafirishwa kwa bodaboda zipange safu moja tu kwenye boksi lenye kina kifupi, vikombe vikigusana ili visihame, na mwendeshaji alilaze boksi, asilisimamishe ubavu. Safu mbili hazifiki salama, hata ukiweka karatasi katikati.