Kusoma namba za propela ya ndege ya modeli

Ukiona propela imeandikwa 10x6, namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ndiyo inayowachanganya wengi: ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Angani haifiki kamili, maana hewa huteleza.

Kipenyo kikubwa chenye namba ndogo ya pili huvuta vizuri kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo kinafaa ndege ya mwanafunzi. Ndege ya mbio hutaka kinyume chake.

Jihadhari na kipenyo. Ukitoka 10 kwenda 11 bila kubadilisha kingine, kwa kasi ileile ya mzunguko mzigo wa mota hupanda kwa takriban asilimia 46, na mota ya umeme inaweza kuungua. Ukiongeza inchi moja ya kipenyo, punguza moja kwenye namba ya pili: 10x6 iwe 11x5. Hata hivyo, pima kwanza ampea (umeme ambao mota inavuta), ndege ikiwa imefungwa chini imara. Na maandishi ya propela kwa kawaida hutazama mbele, upande ndege inakoelekea, hata mota ikiwa nyuma.