Mazoezi ya timu ya watoto kwenye mvua na baridi ya Oktoba

Nafundisha mpira wa miguu watoto wa miaka 10 hadi 12 hapa Grand Rapids, Michigan, wengi wao wa familia za Wakongo na Warundi. Kuanzia Oktoba upepo unavuma kutoka Ziwa Michigan, mvua ya manyunyu haikatiki, na jioni joto hushuka hadi nyuzi 6 au 7 za Selsiasi. Baridi kavu watoto wanaihimili vizuri. Kinachowaumiza ni kulowa halafu kusimama, na mazoezi yangu yote nayapanga kwa kufuata hilo.

Hatua ya 1: Waandikie wazazi jana yake
Ujumbe mfupi wa WhatsApp, kwa Kiswahili: fulana ya ndani isiwe ya pamba, kofia, glavu, soksi za akiba, na nguo kavu za kurudia nyumbani. Pamba ikilowa inang'ang'ania maji mwilini. Poliesta au sufu ni afadhali. Beba glavu za ziada, umpe asiyenazo bila kumuuliza mbele ya wenzake.

Hatua ya 2: Kagua uwanja
Fika dakika 20 mapema. Dondosha mpira kutoka usawa wa kifua. Pale unapokwama bila kudunda, hamisha koni. Beba pampu, maana mpira uliojazwa upepo ndani ya nyumba yenye joto hulegea ukifika kwenye baridi. Ukisikia ngurumo, wote waingie kwenye magari, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 3: Pasheni misuli moto mkikimbia
Kila mtoto achomeke kizibao kiunoni kama mkia, wakimbizane kunyang'anyana mikia. Dakika 10 zinatosha.

Hatua ya 4: Futa foleni
Hapa ndipo makocha wengi tunapokosea. Watoto 12 wakipanga mstari kusubiri zamu ya kupiga shuti, 11 wanapoa. Wagawe wanne wanne, watatu wapigiane pasi na mmoja awakabe, kila kundi na mpira wake. Maelezo yasizidi nusu dakika. Mvua yenyewe ifanye somo: pasi ya chini huteleza kwa kasi, kwa hiyo wajifunze kuutuliza mpira kwa mguu uliolegea, na kila shuti lifuatwe, kwa sababu kipa hutema mpira uliolowa.

Kipa abadilishwe kila dakika 5. Mwaka jana nilimwacha mmoja golini dakika 20. Akanijia kimya, akanyoosha mguu nimfungie kamba ya kiatu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, havikunjiki, na hakuwa amelalamika hata mara moja. Tangu siku hiyo, kila robo saa nawaambia wote waguse kidole cha mwisho kwa gumba la mkono uleule. Anayeshindwa anaingia garini apate joto. Anayetetemeka sana, anayejikwaa au kuzungumza kwa kukokota maneno, mvue nguo mbichi, mfunike, upige 911, namba ya dharura.

Hatua ya 5: Maliza mapema
Dakika 60 zinatosha, hata kama mmezoea 90. Wabadili nguo kabla ya kikao chochote. Viatu vijazwe magazeti, yabadilishwe baada ya saa moja, na visiwekwe juu ya hita kwani gundi hubanduka. Nyumba nyingi siku hizi hazina magazeti, hivyo mimi huweka rundo kwenye buti la gari na kila mtoto anaondoka na kurasa zake.